Bobi aende nyumba ipi? Ulinganisho wa nyumba nne kwa mbwa mtukutu wa kituoni

Tumchukue mbwa mmoja anayeishi katika kituo cha kuhifadhi mbwa wasio na makao, tumpe jina la Bobi. Ana mwaka mmoja na nusu, uzito wa kilo 25, amechanjwa na amehasiwa. Ukifungua banda lake anakurukia mpaka kifuani. Anakukamata kiganja kwa meno. Haumi, ila hakuachii. Ukimfunga kamba anakuburuta mpaka getini. Akishamaliza yote hayo anakuja kukuegemea magotini, anashusha pumzi na kusinzia. Kila anayemwona anampenda papo hapo. Ameshawahi kuchukuliwa, akarudishwa kituoni baada ya muda mfupi kwa sababu, walisema, "hashikiki".

Sasa kuna maombi manne ya kumchukua mezani. La kwanza ni la familia yenye watoto wadogo. La pili ni la mtu anayeishi peke yake kwenye fleti. La tatu limetoka kwa mume na mke waliostaafu, wenye ua mkubwa uliozungushiwa uzio. La nne ni la nyumba ambayo tayari ina mbwa. Wote ni watu wema, na wote wanamtaka. Anayepaswa kuchagua, awe mfanyakazi wa kituo, mlezi wa muda (anayekaa na mbwa nyumbani kwake mpaka apate makao ya kudumu) au mwombaji mwenyewe anayejiuliza kama anafaa, huwa anavutwa kwanza na ukubwa wa nyumba na ukarimu wa wenyewe. Mimi nashauri aanze na siku ya kawaida ya nyumba hiyo: wanaamka saa ngapi, nani anabaki, nani anatoka, kelele inapanda saa ngapi na inashuka saa ngapi, na sheria ya nyumba ni moja au kila mtu ana yake. Mbwa kama Bobi hutulia pale ambapo leo inafanana na jana. Chumba kimoja chenye utaratibu kinaweza kumfaa kuliko nyumba ya ghorofa ambayo kila mtu anamwita kwa namna yake.

Utukutu wenyewe ni wa aina gani?

Kabla ya kulinganisha nyumba, mwelewe mbwa. Hapa ndipo makosa mengi huanzia, maana Bobi unayemwona kituoni si Bobi kamili. Bandani kuna mbwa wengine wanaobweka mchana kutwa, harufu za dawa, watu wageni wanaopita na kuondoka, na usingizi wa mang'amung'amu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti uliofanywa katika vituo 5: mbwa walichukuliwa kwenda kulala nyumbani kwa watu usiku mmoja au miwili, na kotisoli, homoni ya msongo, ikapimwa katika mkojo wao. Ilishuka walipokuwa nyumbani, ikapanda tena waliporudi bandani. Kwa hiyo sehemu ya huko kuruka na kukamata mikono ni mwili uliochoka na akili isiyopata mapumziko. Mbwa mzima huhitaji kulala na kupumzika zaidi ya nusu ya siku, na bandani hapati nafasi hiyo.

Umri nao una mchango wake. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mbwa wa miezi 8, yaani waliomo katika balehe, humtii mlezi wao kidogo kuliko walivyomtii wakiwa na miezi 5. La kushangaza ni kwamba mtu mgeni akitoa amri ileile walimtii vizuri zaidi. Mlezi anaona dharau, na wengi huvunjika moyo wakati huo, ingawa ni kipindi kinachopita. Bobi, mwenye mwaka na nusu, yuko karibu na mwisho wa kipindi hicho, jambo ambalo kila mwombaji anafaa kuambiwa.

Kitu ambacho ningekipunguzia uzito ni maandishi ya mlangoni pa banda yanayotaja aina ya mbwa. Mara nyingi ni makisio ya macho tu, na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Usimnyime Bobi nyumba, wala usimpe, kwa sababu ya umbo la kichwa chake.

Mtoe nje ya banda, nendeni mahali palipotulia, kaa naye bila kumwamrisha kitu, uone anachukua muda gani kutulia. Utukutu wa furaha hushuka: anaruka, anavuta, anakamata, kisha anajilaza. Utukutu wa hofu haushuki hivyo; mwili unabaki mgumu, mkia chini, anabweka akirudi nyuma, au anamrukia mtu anayemkaribia ghafla ili amfukuze. Upo pia utukutu wa upweke, ambao unaonekana tu akiachwa peke yake: anatafuna milango, analia, anajikojolea. Na upo wa kulinda, akikoromea anayesogelea bakuli lake. Huu wa mwisho usiuhukumu haraka, kwa kuwa si wachache wanaolinda chakula kituoni na hawaonyeshi tabia hiyo tena wakifika nyumbani.

Bobi ana wa furaha, na kuna dalili ndogo za upweke. Tuendelee tukiwa na hayo mawili mkononi.

Watoto wadogo, au mtu mmoja kwenye fleti?

Watu wengi wangeichagua familia bila kufikiri. Kuna watu, kuna michezo, Bobi hatakaa peke yake. Hoja hiyo ya upweke ni ya kweli na ina uzito. Ila tazama saa moja ya jioni katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa mitano. Wanakimbia, wanapiga kelele, wanaangusha vitu, wanabeba chakula mkononi kwa kimo cha pua ya mbwa. Kila kitu kinachomwasha Bobi kipo pale, kwa wakati mmoja, na kipo kila siku. Mbwa wa kilo 25 akimrukia mtoto kwa mapenzi, mtoto anaanguka chali. Mtoto analia, mama anapiga kelele, Bobi anadhani mchezo umenoga, anaruka tena. Baada ya wiki mbili anafungiwa nje, na hapo matatizo yanaongezeka.

Halafu kuna usalama wenyewe. Watoto wadogo wanaoumwa na mbwa, wengi wao huumwa nyumbani na mbwa wanayemjua. Watafiti wa University of Lincoln nchini Uingereza wameonyesha kwamba watoto wadogo hukosea kusoma uso wa mbwa: meno yaliyofunuliwa kwa onyo wao huyaona kama tabasamu. Mbwa hutanguliza ishara ndogo zaidi: anageuza kichwa, analamba midomo, anapiga miayo asiposinzia, weupe wa jicho unaonekana, mwili unaganda. Mtu mzima anaweza kufundishwa kuzisoma. Mtoto wa miaka mitatu hawezi, na anapenda kukumbatia shingo.

Watoto wa miaka tisa au kumi kwenda juu ni habari nyingine kabisa. Hao wanaweza kushika sheria: akikurukia simama wima, kunja mikono, tazama pembeni, usipige kelele; akilala usimguse; akila mwache. Wengine huwa walimu wazuri kuliko wazazi wao, kwa kuwa wana subira ya kurudia jambo dogo mara nyingi. Kwa hiyo neno "familia yenye watoto" halitoshi kwenye fomu. Uliza umri wao, na uombe kuwaona wakiwa pamoja na mbwa.

Upande wa pili yuko mtu wa fleti. Faida yake kubwa haionekani kirahisi: sheria ni moja kwa sababu mtu ni mmoja. Asiporuhusu kurukiwa leo, kesho hatatokea mwingine wa kuruhusu. Jioni ni tulivu. Mbwa anapata usingizi. Hofu ya watu kwamba fleti ni ndogo mno kwa mbwa wa kimo cha kati haina msingi mkubwa. Ndani ya nyumba mbwa analala, na nishati yake inatumika nje, kwenye matembezi, kunusa na mazoezi.

Udhaifu wa nyumba hii uko kwenye saa za kazi. Mashirika ya ustawi wa wanyama kama RSPCA la Uingereza hushauri mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya saa 4 mfululizo. Mwombaji anayetoka alfajiri na kurudi usiku, hata awe na upendo kiasi gani, anamweka Bobi katika hali ileile ya kuachwa ambayo tayari inamsumbua, na majirani watakuwa wa kwanza kujua. Kuna pia ngazi na lifti, ambako Bobi atakutana uso kwa uso na mbwa mwingine bila nafasi ya kupishana.

Maswali mawili hutenganisha fleti nzuri na mbaya. La kwanza: mchana nani anaingia kumtoa? Jibu liwe mtu halisi, si "nitatafuta". La pili: uko tayari kuacha simu ikirekodi unapotoka? Mbwa anayeteseka kwa upweke huanza kuonyesha mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, na video hiyo inatoa habari ambazo mlango uliotafunwa hautoi.

Nikiwekewa hawa wawili tu, namchagua mtu wa fleti mwenye msaidizi wa mchana, mbele ya familia yenye watoto wa chini ya miaka sita. Lakini mtu wa fleti anayekosekana saa kumi kwa siku simpi Bobi. Hapo familia yenye watoto wakubwa inampita mbali.

Ua wa wastaafu, au nyumba yenye mbwa mwenzake?

Ua una sifa kubwa kuliko inavyostahili. Mbwa akiachwa uani peke yake hafanyi mazoezi. Anakaa mlangoni akingoja mtu, au anachimba, au anakimbia kando ya uzio akimbwekea kila apitaye, na kila anayepita akienda zake Bobi anaamini kumfukuza kumefaulu. Tabia hiyo hukua haraka. Ua ni mzuri kwa haja ndogo za usiku na kwa kumfundisha kuitwa kwa kutumia kamba ndefu. Zaidi ya hapo, unategemea kama kuna mtu anayetoka kwenda kukaa naye huko.

Kinachonivutia kwa wastaafu hawa ni kwamba wapo. Wanakula saa ileile, wanatembea saa ileile, nyumba haina vurugu, na upweke wa Bobi unapata dawa bila gharama. Kama ningekuwa natafuta nyumba ya mbwa mwenye hofu, ombi hili lingekuwa juu ya mengine yote.

Tatizo ni kamba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba idadi ya watu wa miaka 65 na zaidi waliovunjika mifupa wakitembeza mbwa kwa kamba iliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 2004 na 2017. Nyonga ikivunjika katika umri huo, maisha yanabadilika. Bobi anavuta kwa nguvu zake zote, na mzee mwenye hekima hawezi kushindana na kilo 25 zilizoona paka. Hata hivyo ombi hili lisitupwe kwa sababu ya umri ulioandikwa kwenye fomu. Uliza nani atashika kamba. Kama yupo mjukuu mkubwa, jirani au mtembeza mbwa atakayelichukua jukumu la matembezi kwa miezi ya mwanzo, na kama Bobi atavalishwa mkanda wa kifuani wenye pete ya mbele, ambao unamgeuza pembeni anapovuta, hatari inapungua sana. Wajaribu kwanza kituoni: mzee mwenyewe amshike, atembee naye mwendo wa dakika kadhaa. Watajua wao wenyewe, na mara nyingi watu wazima ni wakweli kuhusu nguvu zao kuliko vijana.

Kuhusu nyumba yenye mbwa, kila kitu kinategemea huyo mbwa mwenyeji. Mbwa wa miaka sita au saba, aliyetulia, anayejua kumwonya kijana kwa kugeuza bega na kuondoka, atamfundisha Bobi adabu ambazo binadamu tunazifundisha kwa shida. Mbwa mwingine wa mwaka mmoja atamwongezea wazimu, na mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo atateseka bure. Waonane nje, mahali ambapo si pa yeyote kati yao, watembezwe sambamba kwa umbali, wasogezwe polepole kadiri miili inavyolegea. Nyumbani wale mbali mbali, na wiki za mwanzo kila mmoja awe na pake pa kulala. Na mwombaji asitegemee kwamba mwenzake atamponya upweke. Mbwa anayemlilia mtu wake anaweza kuendelea kulia hata akiwa na mbwa mwenzake ubavuni.

Paka wakiwepo katika nyumba yoyote kati ya hizi, kuwe na milango ya kuwatenganisha na sehemu za juu ambazo paka anazifikia na Bobi hazifikii. Bila hivyo ombi lisubiri.

Kitu ambacho fomu haiulizi

Nyumba mbili zinaweza kulingana kwa kila kitu, zikatofautiana katika jambo moja linalozidi ua, watoto na fleti: watafanya nini Bobi akikosea. Mimi huuliza wazi: "Akikurukia ukiwa umevaa nguo safi, utafanya nini?" Mmoja anajibu atampiga goti la kifua, au atamvuta kola mpaka aelewe. Mwingine anasema atageuka, atanyamaza, na miguu yote minne ikigusa chini atampa kitu au kumpapasa. Huyo wa pili amenishawishi hata kama ana chumba kimoja.

Hili si suala la upole tu. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia nchini Marekani, AVSAB, kilitoa msimamo kwamba mbwa wote wafundishwe kwa njia za zawadi, wakiwamo wenye tabia ngumu, kwa kuwa mbinu za maumivu na vitisho huharibu ustawi wa mbwa na uhusiano wake na watu. Kwa Bobi hesabu ni nyepesi: anaruka kwa sababu anataka watu. Ukimsukuma umempa mikono, ukimkemea umempa sauti. Ukimnyima vyote viwili na kumlipa akiwa chini, ndani ya wiki chache anaanza kukaa mwenyewe. Mbwa aliyepigwa akinguruma hujifunza kuacha kunguruma, na siku nyingine anauma bila kutoa onyo.

Asiyejua mbinu hizi anaweza kufundishwa kwa mchana mmoja. Asiyetaka kuzijua, ombi lake mimi naliweka pembeni.

Moja kwa moja, au kwa mlezi wa muda kwanza?

Kwa mbwa mpole ningesema aende moja kwa moja, kwa sababu kila kuhama ni mzigo. Kwa mbwa aliyekwisha kurudishwa, mlezi wa muda ana thamani kubwa. Wiki tatu nyumbani kwa mtu zinajibu maswali ambayo kituo hakiwezi kuyajibu: analala usiku kucha? Anaweza kuachwa saa moja? Anaiba vya mezani? Anafanya nini mtoto wa jirani akipita? Mwombaji anayepewa majibu hayo anachagua kwa macho yaliyofunguka, na kurudisha kunapungua.

Watu wa mbwa wana kipimo cha siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu hadi ajihisi yuko kwake. Ni kipimo cha jumla tu, lakini kinasaidia matarajio. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Bobi jembe lingoje, maana siku ya tatu bado hajalala usingizi wa kutosha. Mbwa mtulivu wa siku ya pili anaweza kuwa amezubaa tu, na utukutu ukitokea wiki ya tatu mwombaji asidhani ameharibika. Hapo ndipo wengi humrudisha, wakati ambapo mbwa ndiyo kwanza ameanza kuwaamini.

Uamuzi wangu kwa Bobi

Bobi aanze kwa mlezi wa muda. Akitoka hapo, wa kwanza ni wastaafu, kwa sharti la mtu mwenye nguvu wa kushika kamba kwa miezi ya mwanzo. Sharti likishindikana, namgeukia mtu wa fleti mwenye msaidizi wa mchana anayejulikana kwa jina. Nyumba yenye mbwa inashika nafasi ya tatu, na inapanda mpaka ya kwanza ikiwa mbwa mwenyeji ni wa makamo aliyetulia na walipotembezwa sambamba wote wawili walilegea. Familia ya watoto wadogo naiomba isubiri mbwa mwingine, aliyezeeka kidogo na asiyeruka, na kituo kiwatafutie huyo badala ya kuwapa jibu la hapana tu.

Mbwa akibadilika, mpangilio nao unabadilika. Mwenye hofu angekwenda kwa wastaafu bila mjadala, mbali na lifti za fleti. Anayelinda bakuli angehitaji watu wazima watupu. Asiyeweza kuachwa hata dakika kumi angehitaji mtu anayefanya kazi nyumbani, hata nyumba iwe ndogo kiasi gani.

Yeyote atakayepewa aondoke na cheti cha chanjo, ikiwamo ya kichaa cha mbwa, chakula kilekile alichozoea cha wiki ya kwanza, na karatasi inayosema ukweli wote: anaruka, anavuta, anakamata mikono, alirudishwa na kwa nini. Kituo kimpigie simu siku ya tatu, kisha wiki ya tatu, bila kungoja alalamike. Na iandikwe kwenye makubaliano kwamba mambo yakishindikana Bobi atarudi kituoni, hatapewa mtu mwingine njiani. Usiku wa kwanza alale chumba kimoja na mtu wake, kizimba kikiwa wazi, bila wageni wa kuja kumtazama.